Herufi zilinikulia dola 60



Juma hii sitaongea siasa wala bei ya unga. Nataka tuongee juu ya herufi. Siyo maana ya maneno, hapana: umbo la herufi zenyewe, namna zinavyosimama kwenye afishi, kwenye kaliko na kwenye kuta za maduka yetu hapa Lubumbashi. Najua kuna mtu atasoma na kusema: huyu amekosa kazi ya kufanya. Ni kweli. Hadithi yenyewe inaanzia palepale, wakati nilikuwa sina kazi.

Miezi saba baada ya kutoka unif na diploma yangu mkononi, niliona mukanda umebandikwa kwenye ukuta karibu na kituo cha bisi. Karatasi nyeupe, maandishi meusi, pembeni safi, mistari imenyooka. Juu kulikuwa jina la sosiete moja kubwa ya madini, ile kila mtu wa hapa anaijua. Chini yake: tunatafuta watumishi 12, masharti ni haya, siku ya mwisho ni hii, namba ya simu ni hii. Na mstari mmoja mdogo kabisa: dola 60 za dosye, kutuma kwa simu.

Kwenye ukuta uleule, hatua tatu tu, kulikuwa kibao cha fundi wa moteri, mbao iliyochorwa kwa mkono, nyekundu na nyeupe. Mchoraji alianza neno MECANICIEN kwa herufi kubwa sana, kama mtu mwenye mbao ya kilomita moja. Alipofika kwenye C ya pili akaona nafasi inaisha. Zile tatu za mwisho akazibana kama watu ndani ya bisi ya saa kumi na mbili jioni.

Nilicheka kibao. Niliamini mukanda. Siku ileile nilikopa dola 60 kwa shemeji yangu nikazituma. Kuanzia siku ya tatu namba ile haikuita tena. Nilipofika kwenye sosiete, mlinzi aliniambia mimi ni wa nne juma ile kuja na swali hilo, na kwamba wao hawakubandika kitu. Shemeji nilimlipa kwa miezi minane. Fundi wa moteri yuko palepale mpaka leo.

Toka siku ile nimejiuliza: kwa nini nilicheka kimoja na kuamini kingine? Maneno ya mukanda ule hayakuwa hata mazuri. Nilipousoma tena kwa utulivu nilikuta makosa mawili ya Kifaransa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama. Mara ya kwanza sikuyaona. Jicho langu lilikuwa halijafika kwenye maneno, na herufi zilikuwa zimeshaniambia: tulia mwana, hapa ni kwa watu wa maana.

Kwa Kifaransa, mnajua, aina ya herufi inaitwa police. Nilipomwambia mdogo wangu kwamba nataka kuandika juu ya police, aliniuliza kama nimechoka kuishi. Nilimweleza: ni polisi ya maandishi, ile unachagua kwenye ordinatere mbele ya kuandika. Akasema: "Aa, bon. Na ile nayo inaombaka franka?" Nilimjibu ndiyo. Mimi ilinikulia dola 60.

Basi tutembee kidogo mjini, tutazame. Tuanze na wale wenye feza.

Simama katikati ya mji, mahali popote, tazama kuta na vibanda vya wauza unite. Vodacom, Airtel, Orange. Nyekundu, nyekundu tena, rangi ya chungwa. Acheni rangi, tazameni herufi. Zote tatu zinaandika majina yao kwa herufi ndogo tangu mwanzo mpaka mwisho, na herufi zenyewe hazina miguu. Naita miguu vile vijikanyagio vidogo mwishoni mwa mistari ya herufi, vile tunavyoviona ndani ya vitabu na magazeti. Za kampuni za simu zimenyolewa, ni laini na za mviringo.

Sisi shuleni tulichapwa kwa sababu ya kuandika jina bila herufi kubwa. Kumbe kampuni yenye antena nchi nzima inaandika jina lake kama mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna anayeichapa! Lakini wamefanya hivyo kwa akili. Ni kama bosi anayeingia bila kravati, anakaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na nyinyi, anasema: mniite tu Jo. Unajisikia yeye ni mwenzako. Kesho yake unite zinakwisha palepale zilipokuwa zinakwisha kwa bosi mwenye kravati.

Wale wa promosyo za zamani wanakumbuka Celtel. Mwaka 2008 Celtel ikageuka Zain. Mwaka 2010 kampuni ya Bharti kutoka India ikanunua, Zain ikageuka Airtel. Kwa muda wa miaka miwili hivi watu walishika simu zilezile mkononi, na namba zilezile, lakini kuta zilipakwa rangi mara mbili, na kila mara sauti ya herufi ilibadilika. Sijasikia mtu aliyesema mtandao umekuwa mzuri kwa sababu ya herufi. Lakini niliwasikia waliosema kampuni "imekuwa ya kisasa". Usasa ule waliuona wapi? Ukutani.

Sasa jambo moja ambalo kwangu ni kubwa. Herufi za Orange ni za familia inayoitwa Helvetica. Zilichorwa Uswisi mwaka 1957 na Max Miedinger, akiongozwa na Eduard Hoffmann, mkuu wa kiwanda cha herufi cha Haas. Mwanzoni ziliitwa Neue Haas Grotesk. Jina la Helvetica zilipewa mwaka 1960. Waliozipenda walizisifu kwa sababu hazina upande: herufi kama maji safi, hazina ladha, zinabeba neno tu.

Mimi nawaambia, hapa kwetu maji yale yako na ladha. Kwa mtu wa Lubumbashi, herufi nyembamba, safi, zisizo na miguu, zenye nafasi nyeupe pande zote, ziko na harufu ya biro yenye klima, ya groupe inayonguruma nyuma ya jengo, na ya mlinzi wa mlangoni anayekuuliza: "Uko na randevu?" Mchoraji wa Uswisi hakuyaweka mambo hayo ndani ya herufi yake. Tumeyaweka sisi wenyewe, kwa sababu herufi za namna ile tumezizoea kuziona milangoni pa watu wenye uwezo. Herufi inakuja tupu, halafu inashika harufu ya mahali ilipokaa, kama nguo iliyoning'inizwa jikoni.

Coca-Cola inaonyesha jambo lilelile. Yale maandishi yenye mikia aliyaandika Frank Robinson, mtu wa kushika hesabu za kampuni, huko Atlanta, mwaka 1886. Ulikuwa mwandiko ambao makarani wa Marekani walifundishwa wakati ule, mwandiko wa barua za biro. Leo nani wa hapa akiona mikia ile anafikiri biro? Tunafikiri ndoa, frigo nyekundu, viti vya kukodi. Mtoto ambaye hajajua kusoma anaonyesha kidole na kutaja jina.

Kutoka mjini twende Katuba. Kule bado kuna wachoraji wa vibao, na kazi yao haistahili kicheko changu cha siku ile. Wengi wenu mnajua jina la Chéri Samba, ambaye picha zake ziko leo kwenye majumba makubwa ya sanaa Ulaya na Marekani. Alizaliwa mwaka 1956 Kinto M'Vuila, akafika Kinshasa mwaka 1972, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ileile ya vibao vya matangazo. Mwaka 1975 akafungua atelie yake. Yeye mwenyewe ameeleza kwa nini alianza kuandika maneno ndani ya picha: aliona watu wanapita, wanatupa jicho, wanaenda zao, akafikiri kwamba akiongeza maandishi watalazimika kusimama wasome. Akili ile ni ya mtu wa kibao. Na hapa kwetu Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi yetu katika miaka ya 1970, picha zaidi ya 100 ambazo mwalimu Johannes Fabian alizikusanya na kuzifanyia kitabu, naye aliandika maneno ndani ya picha zake.

Nilienda kwa mzee mmoja wa kazi hiyo. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, amelaza mbao kwenye magoti, anachora jina la bar. Herufi zake zote zililala upande wa kuume.

"Papa, mbona herufi zinalala?"

"Ile njo ya bar, mwana. Mutu akitoka mu bar hasimame muzuri. Herufi nayo iende na yeye."

"Na ya farmasi?"

"Ya farmasi inasimama. Ukiandika farmasi na herufi ya bar, mugonjwa atakuya kuomba Simba ya baridi."

"Na ya kanisa?"

"Ya kanisa naweka mwangaza nyuma. Pasta asipoona mwangaza halipake."

Nilimuuliza juu ya herufi za kubanwa, kama zile za MECANICIEN. Hakuona haya. "Miye nafanyaka bei kwa herufi," akasema. "Lakini mbao inatoka kwa mwenyewe, na jina inatoka kwa mwenyewe. Analeta mbao mufupi na jina murefu. Miye nafanya nini? Napatanisha."

Napatanisha. Nilifikiri sana juu ya neno lile nikirudi nyumbani. Mimi nilizisoma herufi za kubanwa kama alama ya ujinga. Kumbe zilikuwa zinanipa habari ya kweli: kulikuwa mtu mwenye mbao ya urefu huu, akalipa herufi kumi, na mwingine akakaa chini na burashi akazipatanisha. Nyuma ya kibao kile kulikuwa watu wawili ambao unaweza kuwatafuta na kuwakuta. Nyuma ya mukanda wangu mweupe hakukuwa mtu.

Hapa nijizuie kidogo. Sisemi kibao cha mkono hakidanganyi. Katika mji huu kuna waganga wa uongo wenye vibao vya kuchorwa vizuri kabisa, na mchoraji amelipwa kama kawaida. Mzee wa Katuba hakunidanganya kwamba herufi yake ni ya haki. Alisema tu inamfaa nani. Yeye anajua anachokifanya. Taabu iko kwa sisi wengine, ambao tunachagua herufi bila kujua kwamba tumechagua kitu.

Na hapo tuingie kwenye biro ya saizi.

Mnaijua: chumba kidogo, fotokopi, ordinatere mbili, kijana mwenye mikono ya haraka. Unamletea maneno yako kwenye karatasi ya kaye, anakuuliza: "Tutie police gani?" Wewe unajibu: "Ya muzuri." Basi. Kwa jibu lile umekabidhi sauti yako kwa mtu mwingine.

Mara nyingi "ya muzuri" inageuka kuwa Algerian. Ile yenye kivuli pembeni, herufi kubwa tupu, kama mlango wa sinema ya zamani. Nimeiona kwenye mialiko ya ndoa, kwenye tombola, kwenye kaliko za kampeni, kwenye mlango wa kliniki, kwenye gamba la memwari ya sheria. Herufi hizo zinatoka kwenye kiwanda cha Stephenson Blake cha Sheffield, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, na zimeingia kwetu ndani ya programu za Microsoft. Mimi naamini sababu moja ya kupendwa kwake ni ndogo sana: listi ya herufi imepangwa kwa alfabeti, na jina lake linaanza na A. Kijana wa saizi anafungua listi, anaikuta juu, anabonyeza. Kama ingeitwa Zambian, labda mialiko yetu ya ndoa ingekuwa na sura nyingine.

Ya pili ni Comic Sans. Mwenye kuichora ni Vincent Connare, mtumishi wa Microsoft, mwaka 1994. Aliona programu moja ya kujaribu ambamo mbwa wa katuni alikuwa anaongea na watu, na maneno ya mbwa yaliandikwa kwa Times New Roman. Connare akaona ni vibaya: mbwa wa katuni haongei kama gazeti. Akachora herufi za mviringo, za mkono, zenye kucheka kidogo. Namsifu mtu yule. Alikuwa na sikio kama la mzee wa Katuba: mbwa apewe sauti ya mbwa.

Kwenye mlango wa shule ya watoto wadogo, Comic Sans iko nyumbani kwake. Lakini mwaka jana nilienda kwenye kilio. Mlangoni walibandika tangazo, foto ya marehemu, papa mwenye heshima aliyefanya kazi reli miaka mingi, na chini yake saa ya kumtoa hospitali, saa ya misa, saa ya kwenda makaburini. Yote kwa Comic Sans, na rangi ya bluu. Kijana mmoja aliyepita njiani akasimama, akatazama, akauliza kwa nia nzuri kabisa: "Ni aniversere ya nani?" Mtoto wa marehemu alisikia. Nilimwona uso wake. Tangu siku ile hakuna mtu atakayeniambia kwamba herufi ni mapambo tu.

Rafiki yangu mmoja wa sosholojia ananipinga. Anasema: mwenye njaa akiona neno "bukari" hatazami umbo la B. Sawa. Mwenye njaa aliyefika mlangoni hatazami. Lakini mbele ya kufika mlangoni alipita milango mingine mitano, na kwenye miwili alisema moyoni: hapa ni ghali, siingii. Nani alimwambia ni ghali? Hakuulizia bei. Aliona kibao cheusi chenye herufi nyembamba za rangi ya zahabu, akashika mfuko wake, akaendelea.

Sasa tujikosoe sisi wenyewe, maana mwenye kukosoa mji mzima aanze na nyumba yake. Mnaikumbuka kaliko yetu ya sherehe ya kupokea wanachama wapya? Mimi nilikuwa kwenye kamati, nami ndiye niliyesema "ni sawa, wachape". Aina tano za herufi. Jina la chama limepindwa kama upinde wa mvua. Neno KARIBUNI kwa manjano juu ya nyeupe. Tarehe kwa Algerian, na kivuli chake, na kivuli kingine kijana alichoongeza bila kuombwa. Sherehe ilikuwa tarehe 8. Wapo waliosoma 3. Wakafika siku tano mbele, na mashati ya kupigwa pasi, wakakuta mlango umefungwa. Wawili kati yao hawakurudi tena.

Tulitaka kaliko iseme: tuna furaha, tuna nguvu, tuko wengi. Aina tano za herufi ziliongea wakati mmoja, kama mkutano ambao kila mtu ameshika mikro. Kilichokuwa na kazi siku ile kilikuwa tarehe na mahali. Tulizipa hizo herufi ya kujipamba, na tukaweka herufi ya kusomeka kwenye majina ya kamati.

Nirudi kwenye mukanda wangu, maana nimeuweka mpaka leo, nimeukunja ndani ya buku. Juzi niliufungua tena na nikaona kitu nilichopaswa kuona siku ya kwanza.

Umeandikwa wote kwa Times New Roman, ukubwa 12.

Ninyi wenyewe mmeshacheka, kwa sababu mnajua. Times New Roman, 12, mistari moja na nusu: njo amri tuliyopewa wote. TFC tuliiandika hivyo, memwari tuliiandika hivyo. Mwalimu alirudisha kurasa 40 za mwenzetu mmoja kwa sababu alitumia herufi nyingine. Herufi hizo zilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, Stanley Morison akiongoza, Victor Lardent akichora, na gazeti likaanza kuzitumia mwaka 1932. Zilitengenezwa ziingie nyingi kwenye safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Halafu Microsoft ikaziweka ziwe za kwanza kutokea kila mtu akifungua Word, mpaka toleo la 2007 lilipozibadilisha na Calibri. Unif zetu zikazipokea, zikazifanya sheria.

Kwa hiyo mimi, kwa miaka mitano, kila kitu cha kweli nilichosoma na kuandika kilivaa nguo ile. Kozi, mitihani, matokeo, barua za dekano. Mwizi hakuhitaji akili nyingi. Labda hakuchagua hata kidogo, labda alifungua Word ya zamani akaandika tu. Lakini mukanda wake uliongea nami kwa sauti ya unif, na mimi nilikuwa nimefundishwa kutii sauti ile. Mtu ambaye hakusoma, kama shemeji yangu, aliutazama akauliza swali moja tu: "Na biro yao iko wapi?" Nilimwambia hajui mambo ya dosye. Diploma yangu njo ilinifungua macho kwa maneno na kunifunga kwa herufi.

Na kuna lingine linaloniumiza zaidi. Sosiete ile iko na jina lake limeandikwa mlangoni, kwa herufi zake yenyewe, nene, zisizo na miguu, na herufi moja imekatwa kwa namna ambayo huwezi kuisahau. Wakati ule nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila siku ndani ya bisi. Kila siku! Mukanda uliandika jina lilelile kwa Times New Roman, na mimi sikuona tofauti. Nilijua kulisoma jina, na sura yake sikuijua. Ni kama mtu aje mlangoni aseme mimi ni mjomba wako, nawe unafungua kwa sababu ametaja jina sawasawa, hujatazama uso.

Mwizi mwenye bidii angeweza kuiba na herufi pia, najua. Leo kwa simu tu mtu anakata alama ya kampuni na kuibandika popote. Kwa hiyo sifundishi hapa dawa ya kutambua uongo. Herufi haziapi. Nafundisha nafsi yangu kuuliza swali moja mbele ya kuamini: utulivu huu ninaousikia unatoka kwenye habari iliyoandikwa, au unatoka kwenye nguo habari iliyovaa? Kama ni nguo, basi nishuke bisi niende kuuliza mlangoni. Nauli ya kwenda mlangoni haikufika hata dola moja.

Kwa kamati yetu nina ombi moja dogo. Kaliko inayofuata, mbele ya kwenda kuchapwa, tuibandike kwenye karatasi upande wa pili wa barabara, tumwite mtoto wa darasa la sita na mama mmoja anayepita na mzigo, tuwaulize: tarehe gani, mahali gani? Wakijibu, tuchape. Aina mbili za herufi zinatosha. Na "ya muzuri" tusiiseme tena kwenye biro ya saizi.

Mwezi uliopita moto ya shemeji ilikataa kuwaka, nikaisukuma mpaka kwa fundi yule wa kibao. Nilisimama nikakitazama tena, M kubwa kama nyumba, I-E-N zimebanana pembeni. Rangi imeanza kufa. Fundi akasikiliza moteri, akafungua, akaniambia bei. Nilingoja aniombe ya dosye. Hakuniomba.